Shajara ya mradi: kurekodi simulizi za safari za wanawake wa Tanga (Januari hadi Agosti 2024)

6 Januari 2024. Lengo na mipaka

Mradi unarekodi sauti za wanawake wa Tanga mjini, Mkinga na Pangani waliowahi kwenda mbali kwa shughuli zao wenyewe: waliovuka mpaka wa Horohoro kufuata bidhaa Mombasa, waliopanda jahazi kwenda Pemba, waliofanya kazi za ndani Muscat, waliofuata mzigo Dubai na Guangzhou, waliolala kwenye behewa la TAZARA hadi Kapiri Mposhi. Safari za kumsindikiza mume hazimo. Za hija zimo, kwa sababu nyingi ziligeuka za biashara wakati wa kurudi.

Wanawake wa pwani ambao safari zao zimeandikwa ni wale waliokuwa na jina. Salme binti Said, binti wa Sultani, aliondoka Unguja 1866, kumbukumbu zake zikachapwa kwa Kijerumani 1886. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Mchuuzi wa vitenge wa Ngamiani aliyepita vichakani na mtoto mgongoni hana faili popote.

Shajara hii ni ya anayetaka kufanya kazi kama hii kwao. Hatua za kawaida zimefupishwa. Nafasi kubwa yamepewa yaliyotusumbua: kadi, nguo, maswali, tarehe na ridhaa.

20 Januari. Vifaa

Rekoda ndogo ya mkononi iliyokwishatumika, sh. 280,000. Maikrofoni mbili za kubana kwenye nguo, zenye waya wa mita 6, sh. 45,000 kila moja. Hedifoni za kuziba masikio, sh. 35,000. Betri za kuchaji na chaja yake, sh. 60,000. Diski mbili za nje za TB 1, sh. 160,000 kila moja. Kadi mbili za kumbukumbu za GB 64, sh. 25,000 kila moja, na bei hiyo peke yake ilitosha kututia shaka.

Mpangilio wa rekoda: WAV (sauti isiyobanwa), kilohezi 48, biti 24, chaneli moja. Saa moja inachukua kama MB 518. Chaneli mbili zinakula mara mbili ya hapo na kwa msemaji mmoja hazina faida.

Majaribio ya kwanza yalitoa sauti nyembamba yenye mvumo. Chanzo ni plagi. Maikrofoni hizi zimetengenezewa simu, plagi yake ina pete tatu nyeusi, na tundu la rekoda linataka yenye pete mbili. Adapta inauzwa sh. 8,000. Kuna na kiswichi kwenye waya: upande wa simu betri haitumiki, upande wa kamera inatumika. Ukichomeka kwenye rekoda, weka upande wa kamera. Ukimaliza, zima na utoe kabisa kile kibetri cha LR44, maana kiswichi kikisahauliwa usiku kucha, kesho unarekodi ukimya. Taa ya rekoda itawaka kama kawaida na namba zitatembea. Kwa hiyo asiyevaa hedifoni asibonyeze kitufe chekundu.

3 Februari. Kadi bandia

Mafaili ya mwanzo yalifunguka vizuri, ya baadaye yakagoma. Kadi iliyoandikwa GB 64 ilikuwa na GB 8 za kweli. Kadi za namna hii hazisemi zimejaa. Zinaendelea kupokea na kuandika juu ya yaliyopo, au zinatupa, huku kwenye kioo jina la faili na ukubwa wake vikionekana sawasawa. Programu ya kuokoa mafaili haikusaidia, kwa kuwa hakuna cha kuokoa: sauti haikuwahi kuandikwa.

Kadi zote sasa zinapimwa kabla ya kazi, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu inajaza kadi nzima kisha inasoma upya ilichoandika. Kadi ya GB 32 inachukua muda wa kupika pilau na kula, lakini inapimwa mara moja tu. Tulinunua tatu za GB 32, sh. 38,000 kila moja, zikafaulu. Zile za kwanza zilivunjwa kwa nyundo ili asije mtu akaziokota.

Jingine la wiki hiyo: rekoda ikikaa bila betri, saa yake inarudi mwanzo, na mafaili yanapewa tarehe ya miaka ya nyuma. Dawa ni kutamka tarehe, mahali na namba ya msimulizi mwanzoni mwa kila rekodi, kabla hata ya shikamoo. Faili linapewa jina jioni ile ile, bila nafasi katikati: 2024-02-03_NGAMIANI_S04_MOMBASA_1.wav. Jina halisi la msimulizi haliingii kwenye jina la faili. Linakaa kwenye daftari la karatasi, ndani ya droo yenye kufuli.

17 Februari. Buibui, feni na vigelegele

Mwongozo wowote wa kurekodi utakuambia ubane maikrofoni kifuani. Kifuani kwa mwanamke wa hapa kuna ushungi, juu yake mtandio, na buibui la kitambaa kinachokwaruza kila anapopumua. Tulijaribu kubana ndani ya ushungi: sauti ikawa kama ya mtu aliye chini ya mto. Tukabana nje pembeni: kila akigeuza kichwa, krr.

Kinachofanya kazi ni hiki. Mwombe ajitande kanga ya pamba, hata juu ya buibui. Pamba haipigi kelele. Bana maikrofoni kwenye pindo la kanga katikati ya kifua, shubiri moja chini ya kidevu, halafu kunja waya kitanzi kimoja na ukigandishe kwa plasta ya kitambaa ndani ya pindo, ili mvuto wa waya usifike kwenye maikrofoni. Bangili zivuliwe kwa adabu, ziwekwe mapajani mwake mwenyewe. Usizipokee wewe.

Feni ni vita. Februari Tanga, kumwambia bibi wa watu azime feni ni kumwonea. Tuliacha saa za mchana. Kazi inafanyika asubuhi kabla ya saa nne, au baada ya alasiri, milango ikiwa wazi upande wa uani na imefungwa upande wa barabara. Jogoo na mchi wa jirani havitusumbui, maana ni sauti za mahali. Mvumo wa feni na wa friji ndio unaokaa chini ya maneno, na ukijaribu kuusafisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, unaondoka na nusu ya herufi za s na f. Friji inachomolewa, na ufunguo wa nyumba wa anayerekodi unawekwa juu yake. Huwezi kuondoka bila ufunguo, kwa hiyo huwezi kusahau kuichomeka.

Kigelegele kinapasua rekodi. Shoga aliyekaa pembeni akifurahi, kiwango kinaruka na sauti inakatwa kichwa, na hapo hakuna matengenezo. Mwanzoni tulipanga kilele kifike desibeli -12. Sasa ni -18. Kwa biti 24 unaweza kupandisha baadaye bila hasara ya kusikika.

2 Machi. Maswali

Karatasi ya kwanza ya maswali ilianza na «Safari ilikuwaje?» Majibu yalifanana yote: nzuri tu, tulifika salama, alhamdulillahi. Ni jibu la heshima. Ndivyo mtu anavyomjibu jirani aliyekuja kumpa pole ya safari, na swali lilikuwa la jirani.

Karatasi ilichanwa. Mpya inaanza na mkoba: «Bibi, siku ile unatoka nyumbani, ulibeba nini mkononi?» Hapo mtu haelezi, anahesabu. Msimulizi wa Barabara ya Kumi na Mbili alihesabu kwa vidole: mikate ya kumimina kwenye kawa, chupa ya maji iliyozibwa kwa gunzi, kanga mbili, nepi. Alipofika kwenye nepi akasimama, akacheka. Pesa ya kwenda ilifungwa fundo kwenye pembe ya kanga ya ndani, ya kurudi ilishonwa kwenye kijimto cha mtoto, kwa kuwa anayekagua mizigo hamshiki mtoto anayelia. Na mtoto alikuwa akifinywa kidogo, alie. Hakuna swali la «uliogopa?» lililowahi kuleta kitu kama hicho.

Mpangilio tunaoutumia sasa: vitu, halafu pesa na ilikofichwa, halafu karatasi (pasi, hati ya dharura, kadi ya chanjo ya homa ya manjano), halafu aliyempokea upande wa pili, halafu bei. Wachuuzi wanakumbuka bei kuliko majina. Ukimuuliza doti ya kanga ilikuwa shilingi ngapi sokoni Kongowea, Mombasa, na aliiuza ngapi Tanga, atakupa na rangi yake.

Swali la choo linaulizwa karibu na mwisho, na linaulizwa na mwanamke kwa mwanamke. Jahazi kubwa lina kisanduku kinachoning'inia nyuma ya chombo. Mashua haina. Usiku mzima baharini, abiria wanaume wamejaa, wanawake walifanyaje? Majibu yanaonyesha utaratibu kamili: nani anashika kanga kama pazia, nani anakaa upande wa upepo, kwa nini hawakunywa maji tangu adhuhuri, na nani aliumwa kwa sababu hiyo. Wachunguzi wanaume huwa hawalipati hili, na hata wanawake vijana wanaona aibu kuliuliza. Liulizwe. Ndiyo sehemu ya safari ambayo haijaandikwa kokote.

Usikatize kwa «mmh» na «ehe». Kwa mazungumzo ya kawaida ni adabu, kwenye rekodi inafunika neno. Itikia kwa kichwa, na mwambie mapema kwamba utaitikia kwa kichwa, asije akadhani umenuna.

9 Machi. Nani amekaa chumbani

Simulizi moja ilirekodiwa mara mbili. Mara ya kwanza mtoto wa kiume wa msimulizi alikuwa mlangoni anachezea simu. Safari ya Dubai ikawa fupi, yenye sala nyingi, na pesa yote ilitoka kwa marehemu baba yake. Mara ya pili kijana hayupo, pesa ikatoka kwenye mchezo wa wanawake wa mtaa, na mume alijua siku ya tatu.

Utaratibu: siku inapangwa na msimulizi mwenyewe, mtu wa nyumbani hapigiwi simu. Shoga mmoja aliyesafiri naye anakaribishwa akae. Mashoga wanasahihishana («wewe, hiyo si Ukunda, tulishalala Likoni») na kuchokozana, na usahihi unapanda. Wakizidi wawili inakuwa baraza na maikrofoni haitoshi.

Fedha taslimu ziliondolewa pia. Malipo ya sh. 20,000 yaliyotajwa mapema yalileta watu wenye safari za kuazima. Sasa anapewa doti ya kanga ya sh. 15,000, mwisho, bila kutangazwa.

13 Aprili. Baada ya Ramadhani

Hakukuwa na rekodi mwezi mzima. Kumsimulisha mtu aliyefunga hadi koo likauke si haki, na jioni ni jikoni. Muda ulitumika kusikiliza upya na kuandaa jedwali la tarehe.

27 Aprili. Tarehe

Miaka inayotajwa kwenye simulizi haiaminiki, na kosa si la msimulizi. Hakuna aliyemwambia atunze tarehe. Jedwali letu lina matukio ambayo kila mtu wa umri ule anayakumbuka: kuuawa kwa Karume, Aprili 1972, kufungwa kwa mpaka na Kenya, Februari 1977, vita vya Kagera, 1978 na 1979, msako wa wahujumu uchumi, 1983, kufunguliwa kwa mpaka, Novemba 1983, kifo cha Sokoine, 12 Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, mvua za El Niño, 1997 hadi 1998, kifo cha Nyerere, 14 Oktoba 1999. Swali ni moja: kabla au baada?

Simulizi ya vitenge ilitukwama hapo. Msimulizi, yule wa Barabara ya Kumi na Mbili, alisema alivuka Horohoro kwa pasi, akagongewa muhuri, «wakati Sokoine anasaka wahujumu». Mpaka wakati wa msako ulikuwa umefungwa. Ama safari ilikuwa ya njia za panya, ama haikuwa mwaka huo. Hatukumwambia kuwa amekosea. Tuliuliza: mtoto gani alikuwa mgongoni? Wa nne. Kadi ya kliniki ya mtoto wa nne ilikuwa bado ipo, ndani ya bahasha moja na pasi ya zamani: kuzaliwa Mei 1984. Tukafungua pasi. Muhuri wa kuingia Kenya umefifia upande wa mwaka, lakini ile 85 inasomeka ukiinamisha ukurasa dirishani, mwanga uje kwa ubavu.

Kumbe zilikuwa safari mbili zilizoshikana. Ya kwanza, 1983, alipita vichakani, na alichofuata ni sabuni na mafuta ya kupikia, maana madukani hakuna kitu. Ya pili, baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, alikwenda wazi na pasi na kurudi na vitenge. Ile ya kwanza alikuwa na mtoto wa tatu, na huyo ndiye aliyekuwa akifinywa. Simulizi imegawanywa katika mafaili mawili, na kila moja lina maelezo ya ushahidi uliotumika.

Kwa safari za baharini uliza upepo. Ikiwa kaskazi ilikuwa ikivuma, ni kati ya Desemba na Machi. Kusi, baada ya Aprili. Mwanamke aliyetapika njia nzima anaukumbuka upepo vizuri.

Kupiga picha ya pasi: mchana, kando ya dirisha, bila mwanga wa simu, namba ya pasi na picha ya mwenyewe zimefunikwa kwa karatasi. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla.

18 Mei. Unukuzi

Saa moja ya sauti inachukua saa sita hadi nane kuandikwa. Tunalipa sh. 1,000 kwa dakika ya rekodi, na sh. 20,000 zaidi kwa saa kwa mtu wa pili anayesikiliza na kukagua. Programu ya kunukuu yenyewe ilijaribiwa. Kwenye Kiswahili cha redioni inafika. Kwa bibi wa Wete anayeongea Kipemba kwa kasi ilitunga sentensi safi ambazo hakuzisema, na hilo ni baya kuliko pengo, kwa kuwa msomaji hawezi kuliona. Inatumika kutafuta mahali neno lilipo kwenye rekodi, basi.

Mwandishi wa kwanza alikuwa akisanifisha: «nimekwenda» mahali msimulizi aliposema vingine. Kurasa hizo zote zilirudiwa. Kanuni imebandikwa ukutani: andika ulichosikia, weka alama ya muda kila dakika mbili, pasiposikika andika [haisikiki 00:12:30], usikisie.

Nakala ziko tatu: diski moja Tanga, nyingine Korogwe kwa mtu tunayemwamini, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika na upakiaji ukakwama katikati. Baadhi ya mafaili yalionekana yamefika, kumbe nusu. Tangu hapo kila faili linapigiwa hesabu ya SHA-256, inayotoa namba ya utambulisho wa faili, kabla na baada ya kuhamishwa. Zisipolingana, linatumwa upya.

22 Juni. Ridhaa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka ridhaa, na fomu tulikuwa nayo. Tatizo ni wakati. Fomu ilisainiwa kabla ya kusimulia, yaani mtu aliridhia asichokijua. Msimulizi wa Muscat alisaini akiwa anacheka. Baada ya saa nzima alikuwa ameeleza pasi yake ilivyofungiwa kabatini na mwajiri, chumba alicholala, namna alivyopata simu na nani alimsaidia kutoka. Ana binti anayefanya kazi huko huko sasa.

Ridhaa imekuwa mbili. Ya kwanza ni ya kurekodi tu. Ya pili inachukuliwa baada ya wiki, msimulizi akisikiliza rekodi yake kwa hedifoni akiwa na kitufe cha kusimamisha mkononi. Anachagua: sauti na jina, sauti bila jina, maandishi tu, au ifutwe. Asiyesoma anasomewa, na jibu lake linarekodiwa. Anaweza kubadili baadaye.

Kwa simulizi ya Muscat jaribio la kwanza lilikuwa kushusha sauti iwe nzito. Halifai. Anayejua kiasi ulichoshusha, au mwenye subira ya kukisia, anairudisha, na hata bila hivyo jirani anamtambua kwa mwendo wa maneno. Iliyopo sasa ni maandishi yaliyosomwa upya na mwanamke mwingine, mtaa wa Muscat umeondolewa, idadi ya watoto wa mwajiri imebadilishwa, na mbele kuna tangazo kwamba hayo yamebadilishwa. Rekodi ya asili imefungwa kwa nywila ndani ya VeraCrypt, programu ya kufungia mafaili, kwenye diski moja tu, isiyo na nakala mtandaoni. Ameridhia hivyo. Sehemu ya aliyemsaidia kutoka ameikataa, na imefutwa, pamoja na kwenye hifadhi ya Korogwe.

17 Agosti. Hali ya sasa na gharama

Vifaa vyote, pamoja na adapta mbili, vimefika sh. 915,000. Ongeza sh. 50,000 za kadi bandia. Saa moja ya rekodi ya mjini inagharimu sh. 105,000: unukuzi 60,000, ukaguzi 20,000, nauli 10,000, kanga 15,000. Pangani nauli inapanda hadi 20,000. Mwenye fedha kidogo apunguze idadi ya wasimulizi. Akipunguza mkaguzi atajuta.

Nakala za kusikiliza zinatolewa kwa MP3 ya chaneli moja, kilobiti 64, kama MB 29 kwa saa, na zinawafikia wasimulizi wenyewe kwanza kwenye kadi za simu. Wengi hawana kifurushi cha kupakua.

Yaliyobaki: simulizi za Guangzhou zina rekodi lakini hazina tarehe, kwa kuwa pasi mbili kati ya hizo zilishatupwa. Tunajaribu risiti za mizigo. Kipande cha TAZARA hakijaanza. Wasimulizi wa njia hiyo wengi wako Mbeya na Tunduma, kwa hiyo karatasi ya maswali imetumwa kwa kikundi cha huko pamoja na kadi mbili zilizopimwa, adapta, na plasta ya kitambaa.